Waliokula Mahindi ya Kilimani

Shule ya Wasichana, Kitui
17 Januari 1993

Baba mdogo Mbuvi,

Jana lori lilileta maharagwe ya shule, na gunia moja likawaponyoka wapakuzi likaanguka kwenye saruji. Nilikuwa darasani, mgongo wangu kwa dirisha. Sikuhitaji kugeuka. Mlio wa gunia lililojaa likifika chini sijausahau tangu mwaka wa njaa: mzito, mfupi, kama mtu aliyepigwa ngumi tumboni, kisha nyuma yake ule mchirizo wa nafaka ikitoka kwenye tundu. Niliacha kuandika ubaoni. Wasichana walidhani nimesahau jibu.

Salamu zije sasa, maana najua utauliza. Ni mzima, kikohozi cha Desemba kimekwisha. Nimepewa chumba katika nyumba za walimu, na jirani yangu ni mwalimu wa hesabu anayeanza nyimbo za kanisani kabla ya jogoo. Mvua ya hapa ilikatika mapema kama ya huko, mbaazi zikakauka na maua yake. Mwambie Mama goti alipake yale mafuta niliyomwachia, asiyaweke kabatini kama sahani za wageni. Mwanao Mbula naye mwambie akipita Kitui kwenda chuoni kwake asinipite.

Ninaandika kwa ajili ya Mutie. Nilipokuja Krismasi nilimwona ndugu yangu mara moja tu, akipita nyuma ya zizi, viatu vipya miguuni. Aliniita "Mheshimiwa Mwalimu" kwa dhihaka, akaenda zake bila kuingia nyumbani. Watu wanasema yuko na vijana wa kilimani, wale wanaorukia malori yakipanda kutoka Mtito Andei na kutupa mizigo chini. Wanasema ni yeye aliyekuwa mbele siku ile ya Novemba, Abdow, taniboi wa lori la mfanyabiashara Hirsi, alipoanguka kutoka juu ya mzigo akavunjika mgongo. Wewe ni naibu wa chifu. Majina ya wanaotafutwa unayo. Naomba uniambie kama la Mutie limo.

Unakumbuka mwaka wa themanini na nne ulivyokuwa. Malori ya mahindi ya msaada yalitoka Mombasa, na penye kilima chetu yalipanda polepole kama mgonjwa. Sisi tulikuwa tumekwisha kula hata mbegu. Wanaume ndio waliopanga, lakini wao walikuwa wazito na dhaifu, basi wakachagua watoto wepesi. Mutie alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikimbia nyuma ya lori bila viatu, akashika kamba, akapanda, na sisi tuliojificha vichakani tukangoja ule mlio. Gunia likianguka tulitoka na vibuyu na leso. Kisha wewe uligawa uwanjani kwako, kikombe kwa kikombe, wajane kwanza. Hakuna aliyenung'unikia kikombe chako. Mahindi yalikuwa ya manjano, yale ambayo watu walisema ni chakula cha farasi, na tulipokuwa tukiyala mama mkwe wa Ndululu alimwekea Mutie mkono kichwani akamwita mume wa kijiji kizima. Nilimwona ndugu yangu akirefuka pale pale alipokaa.

Mvua iliponyesha hakuna aliyemwita tena hivyo. Alirudi darasani akakaa na watoto wadogo, akachapwa kwa sababu ya hesabu za kuzidisha. Baba alikuwa amekwisha kufa. Wewe ulinipeleka mimi shule ya bweni, na ninakushukuru kila ninaposhika chaki. Yeye alibaki na mbuzi. Sikuandikii hivi kukulaumu. Nasema tu sidhani alifika kilimani peke yake.

Mwite nyumbani, Baba mdogo. Mkalishe kama mwana wa Kiilu, ndugu yako, kabla hajaitwa na mtu mwingine.

Ni mimi,
Nzilani

*

28 Februari 1993

Mwanangu Nzilani,

Barua yako ilifika, ikanikuta na safari. Tangu tupewe wilaya yetu ya Makueni kila jambo ni mkutano, na kila mkutano ni mjini Wote. Mara mbili nimelala huko kwenye benchi. Lakini ni jambo jema kuwa na wilaya, hatutembei tena mpaka Machakos kutafuta muhuri.

Mama yako hajambo. Goti linamsumbua asubuhi, likipata jua linanyamaza. Mafuta ameyaweka kabatini. Mbuzi wake mweusi amezaa mapacha. Bati la kanisa limefika na tumeezeka upande wa akina mama. Mchungaji amewaombea walimu wote walio mbali, nawe umetajwa.

Kuhusu ulilouliza. Mwaka ule ulikuwa mwaka ule. Njaa haikuwa na sheria. Sasa shamba linatoa, si sana, lakini linatoa, na vijana wenye nguvu wanashusha sukari, sabuni na matairi. Tairi haliliwi. Madereva wanasema wataacha kulala Mtito Andei. Wakiacha, hoteli zinafungwa, na watoto wa watu wanakosa hata kazi ya kuosha vioo. Bwana DO, mkuu wa tarafa, ametuambia manaibu wote kwamba hataki kusikia habari ya kilima hicho tena, na alikuwa akinitazama mimi.

Tuliitisha baraza. Wazee waliomba kithitu kiletwe, kila nyumba iape. Unajua mimi ni mtu wa kanisa na kiapo hicho cha jadi si njia yangu. Lakini watu hawaogopi korti, wanaogopa kithitu, kwa kuwa anayekila kwa uongo anazika watu wa nyumba yake mmoja baada ya mwingine. Nilikubali. Baraza liliahirishwa kwa sababu ya jua kali. Litaitishwa tena.

Wewe fundisha watoto wa watu. Haya ya huku yana wenyewe.

Baba yako mdogo,
Mbuvi

*

Kitui
14 Machi 1993

Baba mdogo,

Nimefurahi kwa mapacha wa mbuzi. Sisi hapa tuna mitihani ya muhula, na msichana mmoja wa kidato cha pili ameandika kwamba ukame husababishwa na wanaume kukaa sana kivulini. Nimempa alama.

Mbula alilala kwangu Jumamosi akienda chuoni. Usimkasirikie. Nilimwuliza kama baraza lilivunjwa na jua, akacheka mpaka akashika ukuta.

Anasema ulisimama ukasoma maneno ya kiapo yalivyoandikwa: "Aliyeshusha mzigo kutoka kwa lori pale kilimani, au aliyekula kilichoshushwa, kithitu kimmalize." Mwenye kithitu alikuwa amekwisha kukitoa kwenye kitambaa, vijiti vya kukigongea vimepangwa. Ndipo mzee Ndululu akainuka.

"Naibu," akasema, "hiyo 'aliyekula' inaanza mwaka gani?"

Kisha mtu wa nyuma akapaza sauti, "Keti chini, Ndululu, meno yako bado ni ya manjano!" Watu wakacheka. Lakini anasema kicheko kilikatika ghafla, kila mtu akatazama miguu yake, na mama mmoja akachukua kikapu chake akaondoka kama aliyekumbuka chungu motoni. Kisha mwingine. Mwishowe walibaki mwenye kithitu, wewe, na mchungaji aliyekuwa amesimama mbali ili asionekane yuko. Anasema kulikuwa na mawingu siku hiyo.

Sikucheka, Baba mdogo. Nimelifikiria wiki nzima. Hakuna nyumba hata moja ambayo ingeweza kugonga kile kijiti, yetu na yako pia. Nilidhani baada ya hapo mngekaa chini mzungumze kwa namna nyingine, kwa kuwa mmeona ninyi wenyewe.

Usidhani sijui uchungu wa upande wa pili. Hirsi ana duka hapa Kitui karibu na soko, na Abdow ameletwa kukaa na shangazi yake Qamar. Anawekwa mlangoni kwenye kiti cha mbao, anauza betri na nyembe. Ni rika la Mutie. Miguu yake imefunikwa shuka hata wakati wa joto. Siku ya kwanza nilipita, nikarudi, nikasimama.

"Mwalimu," akaniambia, "unanunua betri ama unaniangalia tu? Kuniangalia ni bei ya juu."

Nikanunua betri. Sina redio. Hajui mimi ni dada wa nani.

Nakuuliza tena lile la Januari, kwa kuwa hukulijibu. Jina la Mutie limo?

Nzilani

*

2 Mei 1993

Mwanangu,

Tulikungoja likizo ya Aprili. Mama yako alifagia chumba chako akakifunga tena. Natumaini kazi iliyokuzuia ni ya maana.

Mvua imeanza vizuri, tumepanda kunde na mahindi ya siku chache. Mbuzi mmoja wa wale mapacha alichukuliwa na fisi. Mbula amepita mtihani wake wa kwanza. Mdomo wake ungekuwa kalamu angekuwa wa kwanza nchini.

Baraza lilifanyika tarehe kumi na saba Aprili na likakamilika. Maneno yalirekebishwa. Kiapo sasa kinaanza mwaka huu. Kila nyumba iliapa kwamba haitampa kijana wa kilimani chakula, maji, wala mahali pa kulala, awe ni mwana wa mtu mwingine au wa tumbo lake. Watu waliapa kwa moyo. Hata Ndululu aligonga kijiti chake, na kwa nguvu. Wengi walisema wamejisikia wepesi.

Mama yako aliapa. Alichelewa kidogo kwa sababu ya goti, nikamshika mkono mpaka mbele. Hakuna aliyemlazimisha.

Wiki iliyofuata askari walikuja. Mutunga, yule wa boma la chini kwenye mbuyu uliokatwa, alipigwa risasi kando ya reli. Walisema alikimbia. Tulimzika siku iyo hiyo, watu hawakuwa wengi. Kanisa limesoma majina ya wengine na kuyafuta kwenye kitabu. Tangu hapo hakuna lori lililoguswa. Bwana DO ametuma shukrani.

Sasa limebaki jambo moja dogo. Nyumba ya Kiilu haijafungwa. Wewe ni mtu mzima wa nyumba hiyo, na hukuwapo. Wazee wanasema nyumba iliyo na mtu asiyeapa ni kama ua lenye pengo. Uje Agosti. Kijiti chako kimewekwa.

Mbuvi

*

Kitui
16 Mei 1993

Baba mdogo,

Nimepata barua yako. Pole kwa mbuzi.

Mutunga nilimfundisha kusoma herufi, likizo moja, kwa kijiti mchangani. Alikuwa akiandika M yake na miguu mitatu, mirefu, akasema ni ng'ombe aliyegeuka. Sina la kuongeza.

Hapa hakuna jipya. Mvua inavuja pembeni mwa chumba. Nimenunua mkeka na sufuria kubwa zaidi, ile ya zamani ilikuwa imetoboka. Mwalimu wa hesabu ananitania kwamba siku hizi nazungumza peke yangu ndani. Nimemwambia ni mzigo wa kusahihisha. Bado nanunua betri.

Sijajua kama nitakuja Agosti. Nataka tu kuelewa jambo. Boma la akina Mutunga liko nyuma ya mengine, na askari hao walikuwa wageni. Ni nani aliyewaonyesha nyumba?

Nzilani

*

20 Juni 1993

Nzilani,

Hii nimempa Mbula akukabidhi mkononi. Usinijibu kwa posta. Barua zangu zinapitia ofisini, na zinanifikia zimefunguliwa, kisha zimebandikwa tena. Ndiyo maana kuna mambo hukuyapata uliyoyauliza. Sasa yapate.

Jina limo. Ni la kwanza.

Uliuliza ni nani aliyeonyesha nyumba. Nilikuwa nimesimama na askari penye njia panda. Wakaniuliza boma la mama Mutunga ni lipi. Niliinua mkono, hivi tu, kama mtu anavyomwelekeza mgeni. Sikusema neno. Mama yake ananiamkia mpaka leo, hajui.

Mtu anayekaa peke yake hanunui sufuria kubwa. Kama uliweza kuniandikia hilo, na mwingine aliweza kulisoma. Mgeni wako asije huku. Nikiulizwa nyumba ya Kiilu ni ipi, mimi bado ni naibu, na mkono ni uleule.

Lakini akibaki kwako, watakuangamiza na wewe. Kwa hiyo sijui nikuambie nini. Mtume mbali. Tanzania. Popote.

Choma hii.

Mbuvi

*

Kitui
18 Julai 1993

Baba mdogo,

Hii nayo inakuja kwa mkono wa Mbula. Amekula na kulala, na amenicheka kwa kuwa bado sisongi ugali ukashikana. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujasimama.

Mutie alifika kwangu Mei, wiki ya barua yako ya kithitu. Kabla ya hapo alikuwa amepita kwa Mama. Alisimama nje ya jiko, akamwita. Mama hakufungua. Alimwambia kutoka ndani, "Mwanangu, nimekula kithitu. Nenda." Kisha Mutie akasikia maji yakimwagwa motoni. Ananiambia alikaa pale nje muda mrefu kabla hajaelewa kwamba Mama alikuwa amezima moto ili asije akasikia harufu ya chakula. Alipolisimulia hilo ndipo nilipomwona akilia, si alipomtaja Mutunga, wala si alipoeleza jinsi walivyokimbia.

Sikumhoji. Nilipika, akala, akalala kwenye mkeka na viatu vyake miguuni. Nilimwuliza baadaye kwa nini hakuacha njaa ilipoisha. Ikapita siku kadhaa. Akawa anaosha sufuria, akasema bila kugeuka, "Pale juu ya mzigo nilijua kazi yangu. Nikishuka, sikujua." Alisema aliwahi kuomba kazi kila kituo cha petroli Mtito Andei, akaosha vioo, akafukuzwa na walioosha vioo kabla yake. Alisema wale wadogo waliomfuata, akina Mutunga, hawakuijua njaa ile. Walikuwa wadogo mno kuikumbuka. Walisikia hadithi tu. Nikajiuliza walizisikia wapi, na jibu nilikuwa nalo. Wametusikia sisi, Baba mdogo, kwenye harusi na matanga. Jinsi Mutie alivyopanda, jinsi dereva alivyotukana, jinsi fulani alivyobeba mahindi kwenye kofia. Tuliwasimulia tukicheka, nao wakasikiliza.

Nikamwuliza juu ya Abdow.

"Alinishika mguu," akasema. "Nikapiga teke aniachie. Sikutaka aanguke." Kisha akasema, "Lakini nilitaka aniachie."

Ulisema nimtume mbali. Nilifikiria. Hirsi ana malori yanayokwenda kila upande, na mimi nina mshahara. Lakini kila siku nilitoka kumpikia ndugu yangu nikapita mbele ya kile kiti mlangoni, na droo yangu imejaa betri. Sikuweza kuendelea kwenda njia hiyo kwa miguu miwili, mmoja wa dada na mmoja wa mteja. Nikamwambia Mutie ni nani anayekaa mlangoni pale, na kwamba twende polisi. Nilitarajia atakimbia usiku, na nikaacha mlango bila komeo ili nisiwe nimemfunga. Asubuhi alikuwa bado yupo, ananyoa ndevu kwa wembe niliouziwa na Abdow mwenyewe, ingawa Mutie hakujua.

Tulikwenda Jumatatu iliyopita, wakati soko limejaa. Nilitaka jina lake liandikwe mchana, mbele ya macho mengi, isije ikasemekana alikimbia. Mwalimu mkuu wetu hakupenda, lakini alikuja, akavaa kofia yake ya kanisani. Mutie alikula kwanza. Muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Alikula polepole kama mtu anayesoma.

Tulipita dukani. Hirsi alipoelewa huyu ni nani aliruka kaunta. Nilidhani atampiga, na sidhani ningemzuia. Lakini alimtazama tu na kusema, "Huyu? Huyu ndiye?" Shangazi Qamar alianza kupiga kelele ndani. Abdow ndiye aliyetulia.

"Msogeze karibu, jua liko machoni," akasema. Mutie akasogea. Abdow akamtazama kuanzia viatu. "Wewe ni mwepesi. Siku ile nilidhani ni nyani."

Watu wawili watatu wakacheka, kisha wakaona haya.

"Ni mimi," Mutie akasema.

"Na wewe Mwalimu," Abdow akanigeukia, "ndiyo maana ya betri?"

"Ndiyo."

"Ningejua ningepandisha bei. Mnakwenda wapi?"

"Polisi."

"Basi nibebeni. Nyinyi mtaongea habari ya mgongo wangu mimi nimeketi hapa nauza nyembe?"

Hirsi alishika kiti upande mmoja. Mpagazi wa duka akaja kushika upande wa pili, Abdow akamzuia kwa mkono, akamwonyesha Mutie kwa kidevu. Qamar alisema hapana. Abdow akasema ndiyo. Mutie akainama, akashika.

"Usiniangushe mara ya pili," Abdow akamwambia.

Hivyo ndivyo tulivyovuka mji, Baba mdogo. Watu waliacha kununua. Hirsi ni mrefu na Mutie si mrefu, kwa hiyo kiti kiliinama, na ndugu yangu alikwenda mkono wake ukiwa juu kifuani ili kinyooke. Hakupumzika hata mara moja. Kituoni askari walisimama walipoona kundi lile, wakadhani tumeleta maiti. Jina la Mutie liliandikwa kwenye kitabu cha matukio, na Abdow akaomba asomewe, akasema, "Sasa andikeni na langu." Amesema atakuja kortini kila siku ya kesi. Hajasema amesamehe. Sikumwuliza.

Nami niliandikisha maelezo. Nilianza na mwaka wa themanini na nne. Askari akasema hiyo haihusu kesi, nikamwomba aandike, akaandika. Nimesema kwamba nilikuwa kichakani na leso, kwamba nilingoja ule mlio, kwamba nilikula. Sikutaja mtu mwingine. Aliniuliza, "Na ni nani aliyegawa?" Mikono yangu ilikuwa juu ya meza, na niliiacha hapo.

Bodi ya shule itakaa mwezi ujao kuzungumza juu yangu. Huenda nikarudi kupanda kunde. Hilo tutaliona.

Mama umwambie polepole, akiwa ameketi. Mwambie mwanawe yuko rumande Kitui, yuko hai, ana blanketi. Mwambie kiapo chake hakijavunjika. Hakumpa chakula wala maji wala kitanda. Nilimpa mimi, na mimi sikuwa barazani. Mwambie anaweza kuwasha moto.

Agosti siji. Jana nilipeleka muthokoi gerezani, na nimejiandikisha kwa mkuu wa lango kuwa nitaleta kila Jumamosi. Mutie alisema chumvi ni kidogo, kisha akaumaliza wote. Kwa hiyo waambie wazee wasiendelee kuniwekea kijiti. Nimekwisha kumlisha.

Mwana wa ndugu yako,
Nzilani wa Kiilu